"Ndiyo, Sista" za Jumatano

Wiki iliyopita mkuu wa idara alinikabidhi bahasha ya kaki, akaondoka upesi kuliko kawaida yake. Ndani mlikuwa na karatasi ambazo wanafunzi wetu wa udaktari hujaza kila mwisho wa muhula, kueleza wanavyoona tunavyowafundisha. Hawaandiki majina. Nilichemsha chai, nikakaa nazo mezani, na nakiri kwako kwamba nilitegemea sifa. Nimefundisha miaka mingi, najiandaa, sichelewi. Wengi walikuwa wamezungushia duara neno "vizuri" wakaenda zao. Mmoja alilalamika kuwa slaidi ni nyingi na nazisoma kama matangazo ya kanisani, nikacheka kidogo. Halafu nikakutana na mmoja aliyegeuza karatasi na kuandika nyuma kwa penseli, kwa Kiswahili ingawa somo lenyewe nalitoa kwa Kiingereza: "Mwalimu ni mzuri, ila anatuuliza kama tumeelewa huku anachomoa kompyuta yake. Tunajibu ndiyo ili tusimcheleweshe."

Chai ilipoa pale mezani. Mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kuteremka hadi ziwani.

Mimi ni mtoto wa milimani, Mbinga, kwenye kahawa na maharage na asubuhi za baridi ambazo bibi alizikata kwa uji wa moto na maneno machache. Nilipofika umri wa miaka tisa, bibi alinikabidhi kwa mama mdogo, nesi wa zahanati moja ndogo kwenye mwambao wa Nyasa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kabla hujafika Liuli. Wiki ya kwanza nililia kwa ajili ya joto. Wiki ya pili nililia kwa ajili ya bibi. Baada ya hapo nilisahau kulia, maana nilikuwa nimepata marafiki, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha nilikuwa nacheka na kugombana kwa Kinyasa kama waliozaliwa pale. Mama mdogo hakukijua. Kwangu alisema Kimatengo, kwa wengine wote Kiswahili cha chuoni, kilichonyooka kama gauni lake jeupe. Gauni hilo nalijua vizuri kwa sababu kazi ya kutia makaa kwenye pasi kila Jumanne jioni ilikuwa yangu.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama walikaa kwenye benchi refu la barazani, watoto wakilia kwa zamu kwenye mizani iliyoning'inia darini, na harufu ya usipa, dagaa wa ziwa lile, waliokuwa wakianikwa ufukweni ikatufikia hadi pale. Mama mdogo alisimama mbele yao akafundisha. Alifundisha kwa moyo, mkono mmoja kiunoni, kidole kimoja juu. Mwishoni aliuliza, "Tumeelewana, akina mama?" Benchi zima likaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, sista." Nilijivunia sana ile sauti. Niliamini hakuna nesi duniani anayeeleweka kama mama mdogo wangu.

Mchana nilibeba masufuria kwenda kuyasugua kwa mchanga ziwani, na huko ndiko nilikowakuta akina mama wale wale, wakigeuza usipa kwenye vichanja, na sasa walikuwa watu wengine kabisa. Waliulizana kwa Kinyasa, amesema nini yule? Aliyekaa mwisho wa benchi hakusikia kitu. Mwingine alikuwa akitazama mawingu muda wote, samaki wake wako nje. Mmoja, mcheshi kuliko wote, alijifunga kitenge vizuri, akaweka mkono kiunoni, akainua kidole, akamwiga mama mdogo hadi wengine wakaketi chini kwa kicheko. Nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nyumbani sikusema lolote. Katika malezi yetu mtoto hakumpelekea mkubwa habari za namna hiyo.

Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mama mpole ambaye kila mumewe akipata samaki aina ya mbasa alinihifadhia kichwa, kwa kuwa alishajua ninavyokipenda. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Mvua zilipokolea na watoto wakaanza kuharisha, mama mdogo alitumia Jumatano nzima kufundisha maji ya sukari na chumvi. Alionyesha kijiko chetu cha chai. Hakuna aliyemwambia kuwa katika nyumba nyingi za pale hakikuwepo kijiko cha namna ile, kwamba kilichokuwepo ni kile kikubwa cha kupakulia mboga. Ndiyo, sista.

Siku mbili baadaye nilitumwa kwa jirani kuomba moto. Nilimkuta mtoto amelala mapajani mwa mama yake, midomo imekauka, macho yameingia ndani, na mama mwenyewe anakoroga jagi. Alichota chumvi kwa kijiko kile kikubwa, kikajaa hadi juu. "Nafanya kama alivyosema mama yako," akaniambia, akatabasamu. Mtoto alionja, akageuza uso, akatapika.

Nilijua. Nilisimama na kigae changu cha makaa, nikijua, na nikashindwa kusema. Ningemwambiaje mtu mzima kwamba amekosea? Na ningemwambiaje mama mdogo kwamba somo lake halikufika? Nilirudi nyumbani, nikapuliza moto, nikabandika maji ya ugali. Maji yalianza kuchemka nikiwa bado nayatazama. Mpaka leo najuta yale maji yaliyochemka. Kisha nikamwambia.

Mama mdogo alitoka mbio bila viatu. Alimwaga lile jagi, akakoroga upya, akakaa sakafuni na mtoto yule akimnywesha kidogo kidogo, funda kwa funda, tangu saa nane mpaka jua likawa linaelekea kuzama upande wa pili wa ziwa. Mtoto alipokojoa hatimaye, akamlowesha gauni, ndipo mama mdogo alipoegemea ukuta na kufumba macho. Jirani alikuwa analia taratibu. "Nilisema ndiyo kwa sababu ulikuwa umechoka, sista," alimwambia. "Ulikuwa umesimama tangu asubuhi. Tulikuonea huruma."

Tuliporudi nilingoja kugombezwa. Aliniuliza tu, "Kule ziwani huwa wanasemaje?" Nikamweleza yote, hata ya yule mcheshi. Akanitaka nimwonyeshe. Basi nikaweka mkono kiunoni, nikainua kidole, katikati ya jiko letu lenye moshi, nikamwiga mama mdogo mbele ya mama mdogo. Alicheka. Kisha akalia, na akaendelea kusonga ugali huku analia.

Jumatano iliyofuata alifika kliniki na kijiko kikubwa cha jirani na jagi lake. Hakusimama. Aliwasogeza akina mama, akakaa katikati ya benchi, akasema, "Leo mimi ndiye mwenye mtoto mgonjwa, ninyi ndio masista. Nifundisheni." Walicheka kwa aibu mwanzoni. Halafu mmoja akasema jambo, mwingine akampinga, na kipimo cha chumvi wakakipata pamoja, kwa ncha za vidole. Tangu siku hiyo baraza ile ilikuwa na kelele za sokoni, na nusu ya kelele zilikuwa za Kinyasa, mama mdogo akijikwaa kwenye maneno nao wakimrekebisha. Kila Jumatano jioni, mimi nikimenya muhogo, aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikamsimulia waliyoyasema ziwani, mazuri na mabaya. Lakini zilikuwapo siku ambazo sikuwa na cha kusimulia, nikajibu, "Wamesema ndiyo tu." Hapo aliacha alichokuwa akifanya. "Basi hawajaelewa," alisema. "Jumatano tunarudia."

Zahanati ile imejengwa upya. Benchi halipo, kuna viti vya plastiki, na ukutani kuna televisheni inayofundisha bila kumtazama mtu. Mtoto yule wa jirani anaendesha bodaboda pale Kitai, njiani kwenda Mbinga, ana watoto wake mwenyewe, na basi letu likisimama pale huja dirishani kuniamkia, "Shikamoo, dada." Mama mdogo tulimzika Mbinga, kwenye kahawa, karibu na bibi.

Nimeisikia ile "ndiyo" utoto wangu wote. Nilikuwa nikiibeba kutoka ziwani hadi jikoni. Sasa nasimama mbele ya ukumbi uliojaa vijana watakaotibu watoto wa watu, nawauliza kama wameelewa, wananijibu kwa sauti moja, nami nachomoa waya, narudi nyumbani nimeridhika. Kumbe wananionea huruma.

Karatasi ya penseli bado iko mezani. Ninamkumbuka mama mdogo kuliko ninavyoweza kukueleza. Natamani anisikie ninavyoingia mlangoni, aulize kutoka jikoni, bila kugeuka, "Wamesemaje?"

Wamesema ndiyo tu, mama mdogo.