Uji ya Kalanga kwa Masere

Naungama mbele yenu. Mimi karani, baba ya batoto sita, nasoma pahali popote napata nafasi. Ile asubui ya baridi bibi yangu, mama ya batoto, alikuwa mugonjwa, akanituma nipeleke mutoto wetu mudogo Ilunga kwa masere, ule mutawa anayepima batoto kilo ku lupitalo. Akaniambia: «Na leo hakuna kitabu!»

Nikaficha roman, kitabu nene ya hadisi ya bafalme, mu bulangeti ya mutoto, nikaisoma mu mulongo katikati ya bamama. Balipotuita, nikairudisha mbio mu bulangeti.

Sababu ya baridi, masere akamupima na bulangeti yake. «Ameongeza kilo! Mumupigie baba makofi! Unamukulisha nini?»

Makofi iko tamu. «Uji ya kalanga, masere.»

Akamunyanyua Ilunga bamama bamuone. Kitabu ikaanguka, puu! Akaiokota, akaifungua pole pole.

«Baba Ilunga, uji yako iko na kurasa ngapi?»