Kila Nilipouliza, Aliniletea Riwaya

Mume wangu alifia Kiirua, na kwa karibu mwaka mzima nilitaka kujua jambo moja tu: nani alikuwa naye. Niliambiwa alifia katika lojingi, nyumba ya kulala wageni, peke yake, kifua kikimbana kabla hajapata mtu wa kumwita. Nililala na picha hiyo na kuamka nayo. Mtu pekee niliyeona anaweza kunijibu ni wifi yangu, dada yake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi Meru mjini, kwa sababu ndiye aliyeufuata mwili. Lakini kila nilipomuuliza, aliniletea riwaya.

Alizinunua Makutano, kwa muuzaji anayetandaza vitabu kwenye gunia kando ya viatu vya mitumba. Alinitolea cha kwanza mkobani kama mtu anayetoa dawa.

"Soma hiki, wifi. Hutalala."

"Mwalimu, mimi ni mjane. Nani alikwambia nina usingizi wa kupunguza?"

"Ni cha taharuki. Kinaondoa mawazo."

"Na yule mwenye lojingi, hakusikia hata akikohoa?"

"Anza na hicho kwanza," akasema, akaomba maji ya kunywa.

Mimi niliishia darasa la saba, na nasoma polepole, midomo ikitembea. Lakini kazi yangu ni kuuza ndengu na kunde katika soko la Siakago, na kazi hiyo ina nafasi nyingi ya kukaa bure. Nikakisoma. Kilikuwa na mwanamume daktari, nyumba ya vioo, na mke aliyeokota herini ya mwanamke mwingine chini ya kiti cha gari. Basi mama huyo akaanza kunusa mashati, akavaa miwani ya jua, akamfuata mume wake kwa teksi kurasa nyingi sana. Mwishowe akagundua kwamba bwana ana mke mwingine ng'ambo ya mji. Nilimhurumia kidogo, ila nilijiuliza kwa nini hakumuuliza tu mboga ikiwa motoni.

Nilipouliza tena habari za Kiirua, nikapata cha pili. Humo bwana alikuwa injinia wa safari nyingi, na mke wake mwenye digrii mbili hakushtuka alipomwona akirudi kutoka porini na suruali iliyopigwa pasi. Nilimcheka kwa sauti pale sokoni. Nikawasimulia wateja wangu jinsi mwanamke msomi alivyokuwa mjinga. Wateja hawakucheka. Walipokea ndengu yao, wakaniambia Mungu anitie nguvu, wakaenda kucheka mbali.

Sasa naweza kueleza kwa nini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la viazi. Alipakia Kiirua, kwenye baridi ya milimani, na kushusha huku chini kwetu, na lori lile lilikuwa na giaboksi ya ajabu: haikuharibika Embu, haikuharibika Runyenjes, iliharibika Kiirua tu, na hasa Ijumaa. Akirudi, aliniletea viazi, karoti, na mwilini amevaa sweta mpya ya sufu iliyofumwa kwa mkono, ya kola, yenye vifungo. Siakago! Mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli saa tatu asubuhi. Aliniambia alipewa na muuzaji ili amtangazie biashara. Nikazifua sweta hizo kwa mikono yangu, moja baada ya nyingine, nikazianika kwenye ua, zikapungia mikono kila aliyepita barabarani. Waandishi wa riwaya hawajui kazi. Wanaficha herini chini ya kiti, wakati siri ya kweli huanikwa juani na mwenye kudanganywa.

Wifi alikuja na cha tatu siku ambayo nilikuwa nyumbani nikipepeta kunde. Ibada ya kumbukumbu ilikuwa imekaribia. Kwetu, mwaka ukiisha, watu hurudi kaburini, msalaba wa mbao hutolewa na wa saruji huwekwa, kisha hema hujengwa na watu hula. Alikuja kupanga habari za wageni. Kabla hajaketi vizuri, kitabu kilikuwa tayari mkononi.

"Hiki, wifi, kinashinda vyote."

"Kinahusu nini?"

"Aa, kuna mwanamume mmoja…"

"Ana nyumba ngapi?"

Akakigeuzageuza kitabu mkononi. Nikaendelea kupepeta.

"Mwalimu, nimekuuliza. Ana nyumba ngapi?"

"Mbili," akasema, akiangalia jalada.

"Ya pili iko wapi?"

"Wifi, nikikwambia mwisho nitaharibu utamu."

"Ya pili iko wapi?"

"Kiirua," akasema. Akaanza kulia kabla yangu.

Nikaweka ungo chini. Alinieleza kwamba alitaka nijue polepole. Alidhani nikisoma habari za wanawake wengine nitakuwa nimezoea, na siku nikiambiwa yangu haitaniuma sana. Mwalimu ni mwalimu tu. Alinipa mazoezi kabla ya mtihani.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama anajua. Ndugu zetu wanajua. Mchungaji."

"Na fundi wa lori?"

"Yule ndiye alijua mapema zaidi, wifi. Hakuwahi kuitwa."

Nilicheka, na kicheko kikaniumiza mbavu. Kisha nikauliza lile langu. Alikuwa na nani alipokata roho? Akasema hajui vizuri. Yeye alipofika aliukuta mwili hospitali, na hadithi ya lojingi aliitunga mwenyewe ndani ya gari, kwa ajili yangu. Mwenye kujua, akasema, ni yule mama wa nyumba ya pili. Na nilishamwona. Siku ya mazishi ndiye aliyeketi na wafanyabiashara wa viazi, akilia kupita kiasi cha mtu aliyempoteza mteja. Wifi mwenyewe aliwasimamisha na kuwatambulisha: "Hawa ni marafiki kutoka Kiirua." Mimi nikaagiza waongezewe nyama kwa kuwa wametoka mbali.

"Basi atakuja kwenye ibada," nikamwambia. "Na wewe utamtambulisha upya. Sawasawa."

"Wifi, watu watasema!"

"Watasema nini ambacho hawajamaliza kusema?"

Siku ilipofika, kutambulishana kulianza kama kawaida yetu, bila haraka, mpaka jua likahama hema. Wajomba wakasimama, wakapunga. Kwaya ikasimama, ikapunga. Mwalimu akashika kipaza sauti, akafika kwenye kiti cha yule mama aliyekuwa na wasichana wawili wenye paji la uso la mume wangu, akasema, "Na hawa ni marafiki…" Akaniangalia. Sikumsaidia.

"Huyu ni mke wa ndugu yangu," akasema. "Wa Kiirua. Na hawa ni watoto wetu."

Nilingoja hema lishtuke. Katika riwaya mtu angeangusha glasi. Hapa, nyanya mmoja nyuma yangu alimwambia jirani yake, bila kujali sauti, "Kumbe ameambiwa? Asante Yesu. Nilikuwa nimechoka kujizuia." Mwingine akauliza kama mchele umeiva.

Baada ya chakula nilimwita yule mama nyuma ya jikoni, tukaketi kwenye benchi la kanisa. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, lakini lile swali likatoka kwanza.

"Alikuwa peke yake?"

"La, dada. Alikuwa kwangu. Nilikuwa nimemshika."

Sikujua nishukuru au nimzabe kofi, na mpaka leo sijui. Mkono wangu ulikuwa umeshika leso tu.

"Alikula?"

"Aliomba uji wa wimbi. Nikampikia. Akasema wangu ni mwepesi, hauna nguvu kama wa Siakago."

"Mimi aliniambia wangu ni mzito, unafaa kujengea."

Akajiziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yakatikisika, na yangu pia, na aliyetupita akielekea kwenye masufuria angeapa kwamba wajane wawili wanaomboleza.

"Endelea," nikamwambia.

"Nianzie wapi?"

"Kifua kilipoanza."

Akanisimulia kwa mpangilio, tangu asubuhi ile, bila kuruka kitu na bila kuniweka roho juu. Sikumkatiza.