Chama Kilipokuja Kuposa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, vyama vingi viliporuhusiwa, nilirudi nyumbani Kanyakine kutoka chuo kikuu nikiwa na ndevu na nadharia. Nilimweleza baba kwamba siasa ni mfumo. Baba, mwalimu mstaafu na mkulima wa kahawa, alinisikiliza kwa heshima, kisha akanituma nikakate majani ya ng'ombe. Siasa yake ilikuwa shambani: alikuwa amekata mistari miwili ya kahawa, jambo lililokatazwa na sheria, akapanda maharagwe. "Nikilima, nile," alisema tu.

Jumamosi moja mwenyekiti wa chama tawala wa lokesheni yetu, eneo lote la chifu wetu, alikuja kumposa dada yangu kwa ajili ya mwanawe. Dada na kijana huyo walipendana tangu walipokuwa katika kwaya moja kanisani. Mwenyekiti aliweka mezani kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama ilivyo desturi yetu: wenye binti wakikifungua, posa imekubaliwa. Vijana wawili wenye fulana za chama walibaki langoni wakitazama shamba.

"Mwalimu, leo sikuja kwa chama," alisema akicheka. "Nimekuja kama mzazi."

"Karibu, Mwenyekiti."

"Na huyu msomi? Bado anapindua serikali?"

"Hata ng'ombe wamemshinda," baba akajibu.

Nilicheka pamoja nao. Vitabu vyangu havikuwa na sura kuhusu hilo.

Mwenyekiti akanywa chai, akapangusa midomo. "Nimeona maharagwe yamestawi pale chini. Mtu mwingine angempelekea chifu habari. Lakini nani atamshtaki mkwe wake?"

Baba akamwita dada kutoka jikoni, kwa kuwa kitita hakifunguliwi kabla binti hajaulizwa.

"Umesikia yote?"

"Nimesikia, Baba."

"Tufungue?"

Dada alikitazama kitita.

"Kama kimekuja kwa ajili yangu, fungueni. Kama kimekuja kwa ajili ya maharagwe, kirudi."

Baba hakunyoosha mkono. Mwenyekiti akakichukua mwenyewe.

"Asante kwa chai, binti," alisema kwa upole ulionitia baridi.

Langoni aliwanong'oneza vijana wake. Mmoja akateremka shambani, akawa anachutama kwenye kila kisiki cha kahawa, akihesabu.

Jumatatu asubuhi baba alivaa koti la kanisani, akaketi nje. Dada akamletea uji. Baba hakuwa ameumaliza tuliposikia Landrova ya chifu ikipanda kilima.