Vigelegele vya Mandawa

Ati baba yangu Yunusi alikuwa mtu wa kutangatanga! Maneno hayo nimeyasikia misibani, nimeyasikia arusini, na leo nayajibu. Ndiyo, alijifunza kunyoa kwa kinyozi wa Nachingwea na hakuwa kinyozi. Akaenda zahanati kufua bendeji chini ya Severini, dresa, yaani mganga msaidizi wa kufunga vidonda, na udresa hakuupata. Mnajua lakini alitoka na nini? Kwa kinyozi alijifunza kunyamaza mpaka mteja amalize yaliyo moyoni. Severini alimfundisha kumwambia mgonjwa "itauma" kabla ya sindano, si baada.

Na kabla ya huko alimsaidia ngariba kwenye jando. Akina mama hawaruhusiwi kuwaona watoto walioko jandoni, kwa hiyo baba ndiye aliyetumwa kuwapelekea habari. Anafika, anaketi chini, ndipo anasema. Mtoto akiwa na homa, anasema ana homa.

"Mama ukimdanganya mara moja," aliniambia, "hata ukimletea mwanawe mzima hatakuamini."

Basi, miaka ile Waingereza walipotaka kulima mashamba makubwa ya karanga huku kwetu, kampuni moja ya kung'oa misitu ikamwajiri awe msemaji wake vijijini. Matrekta yalitaka kupita hapa kijijini kwetu Mandawa, juu ya makaburi. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa amezikwa pale. Msimamizi, Mzungu mmoja mwenye haraka, alitakiwa apate kwanza ridhaa ya wenyeji.

"Bwana," baba akamwambia, "habari ya makaburi haipigiwi kelele. Niache niende kwa miguu, niketi na watu."

Wapi! Akaambiwa nafasi ya kuketi haipo. Wakaenda na lori lenye kipaza sauti, na karani Saadi akasoma tangazo kwa Kiswahili cha ofisini, mbiombio. Sasa lori lile, kila lilipokuja Mandawa, lilileta muziki wa sikukuu. Akina mama wengi walijua Kimwera tu. Waliposikia linanguruma wakatoka mbio wakipiga vigelegele, wengine wanacheza kabisa.

Msimamizi akafurahi. "Wamekubali! Washeni matrekta."

Baba akainuka pale garini. Akamnyang'anya Saadi kipaza sauti, akasema kwa Kimwera:

"Mama zangu, itauma. Wanataka kulima makaburi yetu. Bwana huyu anasema vigelegele vyenu ndiyo ruhusa. Ni kweli?"

Bi Swaumu, mkubwa wao, alikuwa amenyanyua kanga juu akicheza. Akaishusha, akajifunga kiunoni, akaenda kuketi katikati ya makaburi. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka pakajaa. Madereva wakatazamana, wakazima injini.

"Nimekuajiri unisemee mimi!" msimamizi akafoka.

"Nimekusemea, bwana. Na jibu lao ndilo lile pale."

Akashuka garini, akaenda kuketi kando ya kaburi la mama yake.

Kazi alifukuzwa palepale, na jioni matrekta yakazunguka kwa upande wa mtoni. Alirudi kulima ufuta, na nyinyi mkapata la kusema, kwamba Yunusi hata kazi moja haikumkalia. Semeni tu, midomo ni yenu. Ila bibi zenu nao wamelala pale pale na bibi yangu, na hakuna jembe lililowagusa.