Ng'ombe Sita Zizini kwa Mayu

Mpango wa serikali wa kuwajengea nyumba wasiojiweza ulipofika kijijini kwetu, upande wa Nkololo, nilikuwa katibu wa kamati. Jina la kwanza nililoandika ni la jirani yangu mjane, bibi tuliyemwita Mayu, mama. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanguka, akawa analala nyuma ya turubai. Hata leo sina shaka, hakuna aliyestahili kumzidi.

Lakini sisi tulipendekeza tu. Kuamua ilikuwa kazi ya ofisi ya Bariadi, na afisa wao aliyekuja kukagua hakuingia hata ndani. Alisimama zizini, akahesabu ng'ombe sita, akalikata jina. "Huyu anajiweza," akasema.

Kwetu kila mtoto anajua kwamba ng'ombe walio zizini si lazima wawe wa mwenye zizi. Mwenye mifugo humpa mwingine aitunze, anywe maziwa, apate samadi. Na mwenye mali hatajwi, maana ndugu wakijua una ng'ombe wangapi, hupumui. Kabla ya kulikata jina, afisa alimuuliza Mayu ng'ombe ni wa nani. Mayu akatazama pembeni, akanyamaza.

Na mimi nikanyamaza. Walikuwa wangu.

Niliona aibu wiki nzima, kisha nikachoka kuona aibu. Nikapanda pikipiki hadi Bariadi, nikamwekea afisa barua mezani: ng'ombe ni wangu, saini yangu hii hapa. Akasema orodha imefungwa. Nikamwambia nimekuja na viazi vyangu, nitakaa kwenye benchi lake mpaka ifunguliwe. Mimi nikishika jambo ni kupe. Alasiri akalirudisha jina, kwa sharti kwamba barua isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Ikasomwa, na shemeji zangu wote wakiwa mstari wa mbele.

Mvua zilikuta nyumba imesimama, ya tofali na bati, mlango una kitasa. Asubuhi nikaenda kumpongeza, kifua mbele.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Ng'ombe wako nimeshawatoa nje, wapeleke kwako."

"Kwani nimekosa nini? Nyumba si umeipata?"

"Nimeipata, nashukuru. Lakini mimi nilikufichia siri yako mbele ya serikali. Wewe umeshindwa kuificha mwenyewe."

Nikawaswaga hadi nyumbani mchana kweupe, kijiji kizima kikiwahesabu.