Nilipokuwa Mkalimani wa Mrushaji Hayase

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino kirefu, maana nilizoea kufasiri kwenye mikutano. Uwanja ulikuwa kaskazini mwa Dallas, si mbali kwa gari kutoka kwangu Carrollton. Nikakatiza katikati, nikapanda kijilima cha udongo mwekundu ambacho mrushaji husimama juu yake, na msimamizi wa uwanja akanifokea kana kwamba nimekanyaga kaburi. Kumbe kile kilima hutengenezwa upya kila siku kwa mkono. Kesho yake nilivaa raba.

Kijapani nilikipatia Moshi, nikiwa karani kwenye mradi wa mpunga uliokuwa na wataalamu wa Kijapani, kisha nikakikomaza kwa kwenda kusoma kwao. Besiboli sikuijua hata kidogo. Kocha mkuu, Mtexas mnene asiyepoteza maneno, alinipa maelekezo yote ya kazi akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, wewe ni mdomo wa Hayase na masikio yake. Akinitukana, nitukane vilevile. Usinipunguzie."

Hayase alikuwa mrushaji wa akiba. Huyo haanzi mchezo. Hukaa pembeni akipasha mkono joto, na aliyeanza akichoka, mambo yakiwa yameharibika, ndipo huitwa kuzima moto. Kwao Japani alikuwa na jina. Hapa alianza upya katika umri ambao wenzake wanafikiria kustaafu. Mpira wake ulioogopwa ulikuwa ule unaokuja kama umenyooka, halafu unazama ghafla mbele ya mpigaji. Kila kocha alipopanda kilimani kuzungumza naye, nami nilipanda. Sheria inamruhusu mkalimani.

Jioni moja tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wamejaza vituo vyote hata pigo moja zuri lingetupokonya ushindi, na mipira ya Hayase ikaanza kutoka ovyo. Kocha mkuu akaenda, nami nyuma yake.

"Muulize mkono ukoje."

Hayase akaziba mdomo kwa glavu. "Kiwiko kinawaka moto, Rehema-san. Mwambie niko sawa."

Nilijua anachoogopa. Mkataba ulikuwa unaelekea ukingoni, na mkewe na binti zake ndiyo kwanza wamehamia Texas. Nikamjibu kwa Kijapani, "Nafasiri yote uliyosema." Kisha nikamgeukia kocha.

"Anasema kiwiko kinawaka moto. Na anasema nikuambie yuko sawa."

Kocha akanyoosha mkono, ishara ya kumtoa mchezoni. Hayase akampa mpira bila kunitazama.

Nyumbani mume wangu alishika kichwa. "Wewe Rehema, si ungenyamaza tu? Kazi yako ni ku-translate, sio udaktari."

"Ndicho nilichofanya. Nime-translate."

Daktari wa timu alikuta kano ya kiwiko imeanza kuchanika. Ingekatika kabisa, huenda mkono ule usingerusha tena. Kwa kuwa iliwahiwa, ilitaka mapumziko na mazoezi. Miezi yote hiyo Hayase hakuniambia neno lisilo la kazi. Msimu uliofuata, siku aliyorudi kilimani na kumaliza mchezo, binti yake mdogo alinikabidhi boksi la keki za maharage matamu. Baba mtu alisimama nyuma yake, akainama mpaka kiunoni.

Alipoacha kurusha aliajiriwa Houston kuwa kocha wa warushaji, akaweka sharti moja: mkalimani awe mimi. Nikapanga chumba huko, mtaa wa Alief, siku za mapumziko narudi Carrollton. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akiuliza, na vijana ndio waliokuwa wakificha. Hakuwahi kumfokea aliyesema ukweli. Baada ya mazoezi alijisomea Kiingereza kantini, akiniuliza maneno ya mwili: kiwiko, bega, mgongo. Halafu akaniuliza neno la woga.

Mchana mmoja mrushaji chipukizi akaanza kukunja uso kila akirusha. Hayase akanyanyuka benchini. Nami nikanyanyuka.

"Kaa, Rehema-san. Leo naenda mwenyewe."

Kutoka benchi niliwaona wakizungumza, kichwa kwa kichwa. Kijana alikataa, kisha akacheka, kisha akampa mpira. Hayase aliporudi nikamuuliza amemwambia nini.

"Muulize yeye," akanijibu, kwa Kiingereza.

Msimu ulipoisha niliaga. Vijana wetu wanaosomea ukalimani huniuliza siri ya kazi hii. Hakuna siri. Fasiri yote, hata lile ambalo mwenyewe hapendi lisikike, na ufanye hivyo mpaka siku asipokuhitaji tena. Wakalimani wengi hawaioni siku hiyo. Mimi niliiona, nikiwa nimekaa benchi, na nilifurahi kuliko siku zote nilizopanda kilimani.