Maji ya Siku ya Uzinduzi

Siku mfereji wa kijiji ulipozinduliwa, chini ya vilima vya Mbololo, Calvince Wamalwa alijua kwamba bomba la kujaza tangi la mfereji huo halikuunganishwa popote. Yeye ndiye aliyelilaza. Asubuhi hiyo, kabla wageni hawajafika, alikuwa juu ya tangi ameshika mpira wa lori la maji mpaka tangi likajaa.

"Usiwe na wasiwasi, fundi," afisa wa mradi alimwambia. "Pampu tutaleta baadaye. Leo watu waone maji tu."

Na watu wakayaona. Vigelegele vikapaa, watoto wakarushiana maji mpaka wakagombezwa. Mama Ndila peke yake ndiye hakupiga kigelegele. Alimvuta Calvince kando, huyu mtoto wa mkata mkonge aliyekuwa akija kula kwake tangu akiwa mdogo.

"Hawa wa kaunti siwaulizi. Kila uchaguzi wana yao. Nakuuliza wewe: haya maji ni ya kukaa?"

Afisa alikuwa amesimama nyuma yao, na ile kazi ya kudumu aliyomwahidi Calvince ilikuwa bado ni ahadi.

"Ni ya kukaa, mama."

Wiki hiyo hiyo Mama Ndila akamuuza punda wake. Nani angelisha punda wa kubeba maji na mfereji uko mlangoni?

Tangi likakauka. Kila aliyeuliza, Calvince alimjibu alivyofundishwa: pampu imeharibika, inatengenezwa Mombasa. Akaacha kupita njia ya mferejini. Kanisani akawa anaketi karibu na mlango ili atoke kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Siku moja, akitoka upande wa Ndara, alimwona Mama Ndila mbele yake, ameinama, mtungi mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka bwawani, wanakokunywa ndovu. Mwendesha bodaboda akapunguza mwendo kando yake.

"Mama Ndila, si wewe ulikuwa na punda?"

"Pita huko! Calvince amesema pampu inakuja. Yule si mtu wa kunidanganya."

Calvince aliyasikia yote. Kama angetukanwa, angevumilia. Pikipiki ilipopotea akamfikia, akamsaidia kutua mtungi.

"Mama, hakuna pampu. Haijawahi kuwepo. Yale maji yaliletwa na lori."

Mama Ndila alijifuta jasho kwa ncha ya leso, polepole.

"Uliponijibu, ulijua?"

"Nilijua."

Calvince akainama kuubeba mtungi. Mama akamzuia mkono.

"Uache. Nipandishie mgongoni tu, siwezi peke yangu. Halafu uende mferejini ukawaambie wale wengine. Mimi sitaweza. Nimekutetea mno."

Akampandishia. Hakuthubutu kumtazama usoni alipokuwa akiirekebisha ile kamba.

Mferejini akina mama walikuwa wamekaa juu ya mitungi mitupu, wakipiga gumzo. Mmoja alimwona akija.

"Fundi wetu huyo! Hebu tuambie, hiyo pampu inatoka Mombasa kwa miguu?"

Wakaangua kicheko, wakasogea kumpa nafasi ya kukaa. Calvince hakukaa. Alivua kofia, akasubiri wamalize kucheka.